Kila bosi anataka wafanyakazi wa bosi mwenzake ndo walipwe vizuri

Mangi, mwenye duka ninayenunua kwake hapa Tabata, ameacha kuweka mafuta ya kula ya dumu la lita tano. Nilidhani yameadimika, nikamuuliza, akasema wala, kwa wa jumla yamejaa tele ila kwake yanakaa mpaka yanashika vumbi, watu wanataka ya kupima. Nikamwambia si wanaopima ni wapangaji wa kule bondeni, mbona hao siku zote wanapima? Akacheka. "Kaka, siku hizi hata wenye IST wanapaki hapo nje wanashuka na chupa."

Kwa asiyeishi Dar, IST ni kagari kadogo ka Toyota kanakoletwa kametumika kutoka Japani, na hapa mjini ndo kitambulisho cha mtu wa katikati. Sio tajiri, ila daladala ameshaiaga, ana kiwanja Chanika au Madale ambacho anakijenga taratibu, mtoto yuko shule ya English medium, mwisho wa mwezi anakula kitimoto na washkaji au anapeleka familia beach. Mtu wa aina hiyo akianza kununua mafuta ya buku ujue kuna mahali nati imelegea.

Alichokiona Mangi kwenye chupa ndo hichohicho mabosi wakubwa wa dunia wamekuwa wakikiongea kwa lugha ngumu zaidi ya miaka kumi sasa. Wale wanaokutana kila Januari Davos kule Uswisi huwa wanauliza wataalamu na wakuu wa makampuni ni hatari gani zinainyemelea dunia, na 2012, 2013 na 2014 mfululizo kilichoshika namba moja kwenye mambo yanayoelekea zaidi kutokea kilikuwa pengo la kipato. Watu wengi walicheka na mimi nilicheka, maana mwaka huohuo 2014 shirika la misaada la Oxfam walitoa hesabu kwamba matajiri 85 wana mali sawa na nusu nzima ya binadamu walio chini, watu 85 tu, ukiwapakia kwenye lile basi refu la mwendokasi la Kimara wanaenea wote na mlango unafungwa bila kusukumana. Fisi analia kwamba mbuzi wamepungua zizini!

Ila ukikaa ukawaza unaona fisi ana haki ya kulia. Mbuzi wakiisha atakula nini?

Kwahiyo tuweke huruma pembeni, hii sio mada ya huruma. Kuna tajiri mmoja wa Seattle anaitwa Nick Hanauer, aliweka hela yake Amazon mapema kabisa, na 2014 aliwaandikia matajiri wenzake ujumbe wa wazi akiwaambia tukiendelea hivi watu watatujia nyumbani na majembe. Watu wengi walishika hiyo ya majembe, mimi nilishika nyingine: alisema yeye kipato chake ni kama mara elfu ya Mmarekani wa kawaida lakini hanunui vitu mara elfu, suruali anavaa moja kama wewe. Hiyo ndo hesabu nzima. Tajiri wa Masaki hata awe na uwezo wa kununua mtaa mzima, asubuhi anapiga mswaki mmoja, kichwa anachonyoa ni kimoja, na chipsi mayai hawezi kula sahani mia. Hela inayobaki inaenda kwenye majumba, hati fungani na akaunti za mbali huko. Mwalimu ukimuongezea laki moja haifiki hata wiki, imeenda kwa fundi nguo, imeenda kwa muuza bati, mwingine kanunua friji la mkopo, na kila aliyeipokea naye anaitumia tena kesho yake. Biashara inaishi kwa hela inayotembea.

Wamarekani wao wamekuwa wakipima hilo jambo muda mrefu. Pew, kituo chao cha utafiti, wanasema 1971 watu wazima asilimia 61 walikuwa tabaka la kati, 2021 wakawa asilimia 50. Na haki isemwe, sio wote walioanguka, kundi la juu lilitoka asilimia 14 likafika 21, la chini likatoka 25 likafika 29. Yaani katikati panavutwa huku na huku kama kanga inayogombaniwa na watu wawili. Kwa mwenye kuuza magari ya bei ya kawaida, nyumba za kawaida, nguo za kawaida, hiyo sio habari ya siasa, ni habari ya stoo kujaa mzigo usiotoka.

Kwetu huku stori ni tofauti kidogo. Huku sidhani kama katikati pamepungua sana, huku tulihesabiwa vibaya tangu mwanzo.

Mwaka 2011 Benki ya Maendeleo ya Afrika ilitoa ripoti ikasema Waafrika milioni 313 hivi, kama asilimia 34, wako tabaka la kati. Unajua kipimo chenyewe? Anayetumia kuanzia dola 2 mpaka 20 kwa siku. Dola mbili! Kwa shilingi za wakati ule ni kama elfu tatu, muuza karanga wa Buguruni akiwa na siku nzuri naye yumo. Ripoti yenyewe haikuficha kitu, ilisema kama asilimia 60 ya hao wako kati ya dola 2 na 4 na ikawaita kundi linaloelea, yaani mtoto akilazwa mara moja tu wamezama. Ila nadhani mabosi wengi wa nje walisoma ile namba kubwa ya ukurasa wa kwanza wakafunga, wakaja na mabegi. Haikupita hata miaka mitano, 2015 Nestlé ikatangaza inapunguza asilimia 15 ya wafanyakazi kwenye nchi 21 za ukanda wa ikweta, na bosi wao wa ukanda akasema waziwazi kwamba walidhani huku ndo Asia nyingine inakuja, kumbe tabaka la kati ni dogo mno na wala halikui.

Hapa Dar wenye macho tuliona. Supamaketi ya Shoprite wakawauzia wenzao wa Nakumatt maduka yao 2014 wakaondoka, Uchumi wakafunga 2015, Nakumatt nao wakaenda chali, baadaye Game pale Mlimani City nao wakafunga. Najua Nakumatt na Uchumi walikuwa na madeni na mambo yao huko Nairobi, sio vizuri kuibebesha Tabata lawama zote, lakini na sisi tujiulize, wikiendi pale Mlimani City palikuwa panajaa kweli, watu walikuwa wananunua au wanasukuma toroli mtoto akiwa ndani wanapiga picha wanatoka na maji ya chupa? Mimi nilikuwa nasukuma toroli.

Alafu Julai 2020 Benki ya Dunia ikatutangaza uchumi wa kati wa chini, kipato cha mtu mmoja dola 1,080 kwa mwaka wakati mstari wenyewe ulikuwa dola 1,036. Tulivuka kwa dola 44. Utani wake mnaukumbuka, mtu anakukopa elfu kumi unamwambia si tuko uchumi wa kati jamani.

Sasa kama kila bosi anaona wateja wanaisha nguvu, kwanini hawapandishi mishahara? Hapa ndo penye utamu wa hii mada na hapa ndo nilitaka kufika tangu mwanzo.

Chukua bosi wa kiwanda cha sabuni. Huyu anatamani kabisa kutoka moyoni mwalimu alipwe vizuri, mlinzi alipwe vizuri, dereva, nesi, vijana wa kiwanda cha soda cha jirani, wote walipwe vizuri maana hao ndo wanaonunua sabuni. Wafanyakazi wake yeye ni mia tatu tu, na mia tatu hata waoge mara sita kwa siku hawawezi kuimaliza sabuni yake. Kwake hao mia tatu sio wateja, ni gharama. Bosi wa soda naye anawaza vilevile kwa upande wake, anataka watu wa sabuni walipwe wanywe soda. Bosi wa benki anataka wote wawili wapandishe ili watu wakope, ila walinzi wa benki kawatoa kwenye ajira akawaweka kwa kampuni ya ulinzi ili asiwajue. Ni upatu ambao kila mmoja anataka kupokea wa kwanza na hakuna anayetaka kuchanga.

Na usiseme ni roho mbaya. Bosi mmoja akijitoa akapandisha peke yake, bei yake inapanda, mwenzake asiyepandisha anamchukulia wateja, mwisho yule mwema anafunga kiwanda na wale mia tatu wanarudi kuuza matunda Mwenge. Nimemsikia mwenye kiwanda akisema hivyo na sikuwa na jibu la kumpa pale pale.

Watu wa semina za ujasiriamali huwa wanatupiga na stori ya Henry Ford, eti 1914 alipandisha mshahara mpaka dola 5 kwa siku ili wafanyakazi wake waweze kununua magari anayotengeneza. Stori tamu, ila haijakaa hivyo. 1913 watu walikuwa wanamkimbia, kazi ya kukaza nati ileile kutwa nzima nani anaiweza, mpaka ikabidi aajiri watu zaidi ya elfu hamsini kwa mwaka ili abaki na elfu kumi na nne kiwandani. Alipandisha ili watulie. Na haikuwa bure, sehemu kubwa ya zile dola 5 ilikuwa mgao wa faida wenye masharti, kulikuwa na maafisa wanapita majumbani kuangalia kama unakunywa, kama nyumba safi, kama unaweka akiba. Kama ingekuwa hapa mtu anakuja kwako Mbagala kuhesabu vyombo.

Na wala sio Ford peke yake aliyelijenga tabaka la kati la Marekani, kampuni yake ilipigana na vyama vya wafanyakazi mpaka 1941 ndo ikasaini. Kilichobadilisha mchezo ni vyama vyenyewe na sheria, kama ile ya 1938 iliyoweka kima cha chini senti 25 kwa saa, maana sheria ikimbana mwenye sabuni na mwenye soda siku moja, ule wasiwasi wa nikianza mimi mwenzangu atanipita unapungua sana.

Mei Mosi 2025 kule Singida Rais Samia alitangaza kima cha chini cha mshahara serikalini kinatoka 370,000 kwenda 500,000 kuanzia Julai, asilimia 35.1. Mtaani kwetu kuna mwenye hadiwea, siku hiyo alikuwa na furaha kuliko walimu wenyewe, anasema safi sana hawa sasa watajenga, simenti itatoka. Ana vijana wanne wanaobeba hiyo simenti, anawapa elfu nane kwa siku. Nikamuuliza na hawa je? Akashika simu akaanza kuitafuta namba ya mtu.

Na hao wa kwenye mishahara nao wanapungukiwa wapi, maana ukimwambia mtu kijana fulani analipwa milioni moja anaona huyo kashatoboa. Tupige hesabu ya milioni moja kampuni binafsi. NSSF, mfuko wa pensheni, inakata asilimia 10, laki moja imeenda. Kwenye laki tisa inayobaki kodi ya mshahara inakuwa 103,000. Kama alisoma kwa mkopo, na huyu wa katikati ndo aliyesoma kwa mkopo, mtoto wa tajiri alilipiwa, Bodi ya Mikopo inakata asilimia 15 ya mshahara, hiyo ilikuwa 8 wakaipandisha kwa sheria 2016, ni 150,000. Anabaki na 647,000. Hapo hajafika nyumbani. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mpigo, kule kijijini kuna wadogo zake na bi mkubwa anaumwa presha, michango ya harusi kadi tatu mezani, na vitu vingi anavyonunua dukani VAT asilimia 18 imo ndani. Sisemi asilipe kodi wala asirudishe mkopo, hela ya Bodi ndo inasomesha wengine. Nasema huyu ndo mtu ambaye makampuni yote yanamkimbilia yakimuita tabaka la kati, na akipigiwa simu moja ya msiba anaenda kukopa.

Anakopa wapi? Kausha damu. Jina tumelitoa wenyewe mtaani na halihitaji maelezo. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya programu 69 za kukopesha kwa simu zisizo na kibali, zile zinazopigia mpaka mkwe wako kumwambia unadaiwa elfu themanini. Nilipoiona ile orodha niliwaza kitu kimoja, programu 69 hazifunguliwi kwenye mji ambao watu wana chenji.

Kuna mabosi ambao hali hii haiwasumbui hata kidogo, na naona watu hawawaangalii hao. Ni wale waliojua kukata vidogo. Sabuni ya unga ya mia mbili, dawa ya meno ya pakiti, bando la saa moja, umeme wa luku ya elfu mbili, gesi unayolipia kwa mita kidogokidogo, pampasi moja moja. Sio ubaya wote, mama wa Gongo la Mboto saa nne usiku akipata pampasi moja kwa Mangi mtoto analala vizuri, asingeweza kununua bunda. Ila jumlisha vile vipimo vya mwezi mzima, unakuta umelipa dumu zima na hela ya dumu la pili iko humo, wa hali ya chini ananunua ghali kuliko wa Masaki na ndo ilivyo dunia nzima. Kampuni ya namna hiyo inaweza kuishi bila tabaka la kati kabisa, chini inauza vipakiti, juu inauza vile vya Masaki na Oysterbay, katikati pakiwa patupu shauri yenu. Kwahiyo ukisikia viongozi wa biashara wana wasiwasi na pengo la kipato, uliza kwanza huyu anauza nini.

Wenye wasiwasi wa kweli ni wale wanaouza vitu visivyokatika vidogo. Bima hapa kwetu iko karibu asilimia 2 tu ya pato la taifa. Mikopo ya nyumba haifiki hata asilimia 1. Shule binafsi, hoteli za kawaida, supamaketi, wauza magari, hao wote wanahitaji mtu mwenye uhakika wa mwezi ujao na mwaka ujao, sio mtu mwenye buku leo. Nyumba huwezi kuipima kwenye chupa.

Kuna hofu ya pili, ya amani, wengi wao wanaitaja kwa sauti ya chini. Juni 25, 2024 vijana wa Nairobi waliingia bungeni kwa ajili ya Muswada wa Fedha na kesho yake Rais Ruto akasema hausaini. Waliokuwa mbele kwenye simu na mabango wengi walikuwa vijana waliosoma, waliokuwa wanaisubiri nafasi ya katikati na nafasi haikuja. Wiki hiyohiyo Kariakoo hapa ilikuwa imefungwa, wafanyabiashara wamegoma juu ya mambo ya kodi na TRA, na mwenye fremu Kariakoo ndo tabaka la kati lenyewe la Dar kuliko hata mwenye tai. Oktoba 29, 2025 yalikuwa mambo ya uchaguzi na siasa, sitaki kuyachanganya na bei ya mafuta. Ila siku zile intaneti imezimwa na jioni hakuna kutoka nje, nadhani hakuna bosi mjini hapa ambaye hakupiga hesabu siku moja ya mji kusimama inamgharimu shilingi ngapi.

Rafiki yangu yuko kitengo cha masoko kwenye kampuni moja hapa mjini, siitaji. Mwaka jana alikesha wiki mbili anaandaa prezentesheni kwa ajili ya menejimenti, mauzo ya pakiti kubwa yanashuka, ya pakiti ndogo yanapanda, akaweka na grafu ya mishahara ya wateja wao wa mjini jinsi isivyopanda kulingana na bei za vitu. Akapigiwa makofi. Mkurugenzi akasema hii ndo kazi niliyokuwa naitaka, waajiri wa nchi hii inabidi waamke, wanaua soko kwa kulipa watu kidogo. Jamaa akaona leo ndo siku. Kikao kilipoisha akamfuata ofisini, akamkumbusha kwamba na yeye mshahara wake haujaguswa tangu aajiriwe, huu ni mwaka wa nne.

Mkurugenzi akamwangalia kwa masikitiko kabisa. "Ndugu yangu, hali ya soko si umetuonyesha mwenyewe sasa hivi?"